Bei ya geti ihesabu na macho ya fundi

Nyumba zetu za leo zinafungwa kwa chuma. Geti, grili za madirisha, ngazi, banda la kuku, madawati ya shule: vyote vimepita mikononi mwa kijana aliyeinama kando ya barabara, mguu mmoja umekanyaga skwea paipu, mikono imeshika grenda, na cheche zinamrukia kifuani. Mara nyingi kijana huyo amevaa kandambili. Machoni ana miwani ya jua aliyonunua kwa machinga, au hana kitu. Na kava la ile grenda, lile bati la nusu duara ambalo kiwandani lilifungwa kati ya diski na uso wake, halipo. Lilitolewa zamani, na pale karakanani hakuna anayekumbuka liliwekwa wapi.

Tunapita, tunatazama, tunasema mafundi wetu ni wazembe. Ninaandika kupinga hukumu hiyo. Kava linatolewa kwa sababu za kikazi zinazoeleweka, na sababu hizo ukizifuatilia hadi mwisho zinaishia kwenye bei aliyokubaliana mteja na mwenye karakana. Mteja ni mimi na wewe. Maadamu tunapatana bei ya geti bila kuuliza litakatwa na mashine ya namna gani, sehemu ya gharama tunamwachia kijana ailipe kwa vidole na macho yake.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi tunaiona kila siku bila kujua inafanya nini. Kampuni ya Ackermann + Schmitt ya Ujerumani, ambayo leo inafahamika kwa jina la Flex, ilitoa grenda ya mkono yenye kasi kubwa mwaka 1954. Kwetu Afrika Mashariki, kuanzia Gerezani hapa Dar es Salaam hadi Kamukunji ya Nairobi na Katwe ya Kampala, ndiyo mashine inayobeba kazi ya chuma, kwa kuwa ni ndogo, inabebeka kwenye bodaboda, na inamaliza kwa sekunde kazi ambayo msumeno wa mkono huifanya kwa dakika kadhaa.

Kasi hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake. Grenda ndogo ya kawaida, inayochukua diski ya inchi nne na nusu, huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika kabla haijagusa chuma. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski unakimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Diski yenyewe ni chembe ngumu za kusagia zilizogandishwa kwa rezini na kutiwa wavu wa nyuzi za kioo ndani. Ile ya kukatia huwa nyembamba, nyingine milimita moja tu. Ikipasuka ikiwa kwenye mwendo, vipande vinaondoka na kasi ileile ya ukingo, na hapo hakuna uzoefu wala wepesi wa mwili unaomwezesha mtu kukwepa. Kava limewekwa kuvipokea vipande hivyo kabla havijafika usoni, shingoni na tumboni.

Kwa nini basi litolewe? Mafundi niliowauliza wana majibu, na majibu yao hayana ujinga ndani yake. Mmoja anasema kava linamzuia kuingia kwenye kona ya ndani ya fremu. Mwingine anasema boliti ya kulikaza ilikatika, na dukani boliti hiyo haiuzwi peke yake. Lakini jibu linalorudi mara nyingi zaidi ni hili: limetolewa ili diski kubwa iingie.

Hapa pana jambo ambalo kila mteja angepaswa kulijua. Diski za inchi nne na nusu, tano, saba na tisa zina tundu la katikati la kipimo kimoja, milimita 22 na ushei. Kwa hiyo diski ya inchi saba inakaa sawasawa kwenye grenda ndogo. Kinachoizuia ni kava peke yake. Fundi mwenye grenda moja tu, akitaka kukata skwea paipu nene kwa mkato mmoja, anatoa kava na kufunga diski kubwa. Au anaokota diski ya inchi tisa iliyoliwa na grenda kubwa ya jirani hadi ikabaki inchi saba. Bado ina maisha, na kuitupa ni kutupa hela.

Sasa tazama kinachotokea. Diski ya inchi saba imetengenezwa kuvumilia mizunguko 8,500 hivi kwa dakika. Ile ya inchi tisa kikomo chake ni kama 6,600, na hakipandi kwa sababu diski imeliwa na kupungua. Grenda ndogo inaizungusha mara 11,000. Kwa inchi saba, ukingo wake sasa unakimbia zaidi ya kilomita 370 kwa saa, wakati kikomo chake ni karibu kilomita 288. Kasi imezidi kwa asilimia 30, lakini nguvu inayotaka kuipasua diski hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nguvu hiyo imezidi kwa karibu asilimia 70. Na yote haya yanafanyika baada ya kuondoa kitu pekee ambacho kingevizuia vipande. Kijana huyu amekosa diski inayomudu kasi hiyo na kava kwa wakati mmoja, naye hana habari, kwa kuwa namba ya kikomo cha mizunguko imeandikwa kwenye karatasi ya diski kwa herufi ndogo na hakuna aliyewahi kumsomesha maana yake.

Kwa maseremala hatari ina sura nyingine. Wapo wanaofunga msumeno wa duara wenye meno kwenye grenda ili wakate mbao. Meno yanang'ata ubao, ubao unabana, na mashine nzima inaruka nyuma kumwelekea aliyeishika. Diski ya kukatia chuma ikibanwa inaweza kuvunjika ikasimama. Meno ya msumeno hayavunjiki. Yanaendelea kuzunguka yakitafuta paja au shingo. Msumeno wa umeme uliotengenezwa kwa ajili ya mbao una kitako kipana cha kulala juu ya ubao na kava linalorudi lenyewe kufunika meno mkato ukiisha. Grenda haina hata kimoja kati ya hivyo. Karakana yoyote inayoruhusu jambo hili inacheza na uhai wa watu, na ningependa kuona mwenye karakana anaulizwa na majirani zake kabla hajaulizwa na mkaguzi.

Wauza vifaa nao wana sehemu yao. Chukua diski ya kukatia chuma, itazame ile pete ndogo ya bati iliyozunguka tundu. Kwenye diski zilizofuata kiwango cha Ulaya utakuta herufi V ikifuatwa na mwezi na mwaka, kwa mfano V 07/2027. Hiyo ni tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Wengi hushangaa kusikia diski ina tarehe ya kuisha muda. Sababu ni rezini: inanyonya unyevu, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolegea. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na bado diski zinatungwa kwenye waya nje ya duka, zinapigwa jua la mchana na manyunyu ya masika, kisha anauziwa fundi kama mpya. Muuza duka anayeihifadhi diski ndani, ikiwa imelala mahali pakavu, na kumwonyesha mteja tarehe kabla hajalipa, anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Pana kosa jingine la diski ambalo hulioni mpaka usimame karibu. Fundi amemaliza kukata, amechomelea, sasa anataka kulainisha mshono. Diski ya kusagia, ile nene ya milimita sita, ingemlazimu azime, achomoe waya, alegeze nati, abadilishe. Kwa hiyo analaza diski ya kukatia ubavu na kusagia nayo. Diski nyembamba ina nguvu ukiisimamisha wima tu. Ukiilaza inapinda, nyufa zisizoonekana zinaanza, na mkato unaofuata ndio unaoipasua. Dakika mbili za kubadilisha diski ndizo zilizookolewa. Ukiuliza kwa nini dakika mbili ziwe na thamani hivyo, jibu ni kwamba geti limeahidiwa jioni na mteja amepiga simu mara nne.

Kuhusu macho, yeyote aliyewahi kukaa karakanani jioni amewahi kuona haya. Chembe ya chuma iliyotoka kwenye diski ilikuwa ya moto, imetua kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na imenasa. Kijana anasikia kama mchanga. Machozi yanamtoka, taa inamuumiza. Mwenzake anamkalisha kwenye benchi, anamgeuzia uso kwenye mwanga, anafunua kope kwa dole gumba, na kwa ncha ya njiti ya kiberiti anaichokonoa ile chembe. Mara nyingine inatoka kweli, na ndiyo maana ufundi huo hauachwi. Lakini njiti imekwangua konea na kupeleka uchafu kwenye mkwaruzo. Chembe iliyobaki nayo haichukui muda kuota kutu na kuacha pete ya rangi ya kahawia. Kidonda cha konea kikipata vimelea na kupona vibaya kinaacha kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni, mwanga haupiti sawasawa tena. Jicho lililoingia chembe ni la kupelekwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na lililochomwa na kitu kikubwa halisuguliwi wala halikandamizwi njiani. Gharama ya safari hiyo inapaswa kuwa ya mwenye karakana, siyo ya kijana anayelipwa kwa siku.

Miwani ya jua haitoshi. Kioo chake kinaweza kupasuka na kuongeza vipande, na pembeni iko wazi. Kinachotakiwa ni miwani ya kazi inayofunika hadi pembeni, na kwa grenda ni vizuri zaidi kuongeza ngao ya uso juu yake.

Umeme nao una mitego yake. Soketi zetu za matundu matatu ni za mtindo wa Uingereza, na matundu mawili ya chini yana vizibo vinavyofunguka pale tu pini ndefu inapoingia tundu la juu. Fundi ambaye plagi yake imevunjika anachomeka kalamu au bisibisi tundu la juu, vizibo vinafunguka, anachomeka nyaya mbili zilizochunwa na kuzikaza kwa vijiti. Mashine inawaka. Alichokitupa pamoja na ile plagi ni fyuzi iliyokuwa ndani yake. Waya ukichubuka juu ya ukingo wa bati, ile fyuzi iliyopaswa kukatika haipo. Plagi mpya ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya umeme. Na kwa kazi za nje penye majimaji, inafaa sana kufunga kwenye laini ya karakana kile kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kuukata kwa miliampia 30. Kinakata kabla moyo wa mtu haujasimamishwa.

Umeme wetu unakatika, na hilo linaleta hatari ambayo vitabu vya maelekezo vya huko vilikotoka havizungumzii kwa uzito. Grenda nyingi zina swichi inayojifunga ikiwa imewashwa ili kidole kisichoke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi anaiweka chini na kwenda kunywa chai, swichi ikiwa bado imefungwa. Umeme unaporudi, mashine inaanza kuzunguka peke yake sakafuni, haina wa kuishika, pengine mtoto wa jirani amesimama karibu. Kanuni ni fupi: umeme ukikatika, chomoa waya. Kwenye kubadilisha diski ni hivyohivyo, chomoa kwanza, kisha ndipo ushike spana.

Matunzo ya mashine hayahitaji chuo. Vumbi la chuma linaloingia kwenye matundu ya upepo linapitisha umeme na linakula koili, kwa hiyo lipulizwe nje kila jioni. Kaboni za mota zikiisha, cheche ndani ya matundu zinaongezeka na mashine inakwama-kwama. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja kabla hazijachimba amecha. Gia zinataka grisi. Waya uliopasuka unabadilishwa mzima, haufungwi kwa nailoni. Mpini wa pembeni, ambao nao hupotea mapema kama kava, unarudishwa, kwa kuwa mashine ikirusha nyuma, mkono mmoja hauwezi kuizuia. Diski mpya ikishafungwa, iachwe izunguke kama dakika moja, hakuna aliyesimama mbele yake. Yenye kasoro mara nyingi hujitangaza hapo. Fundi anayefanya haya anaokoa pia hela, maana grenda inayotunzwa haifi haraka.

Vumbi na kelele huua polepole, na kwa sababu hiyo havipewi uzito. Anayekata vigae, zege au mawe bila maji anavuta silika, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitia silika ya namna hiyo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika mwaka 1997. Mbali na saratani, mapafu yanapata makovu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Maji kwenye mkato yanazilaza, na barakoa ya kazi inachuja zinazobaki. Kwa kelele, grenda juu ya bati inaweza kufika desibeli 100, na kwa kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani wa afya kazini, sikio lisilo na kinga halitakiwi kukaa kwenye sauti hiyo zaidi ya dakika 15 kwa siku. Vijana wetu wanakaa mchana kutwa.

Nimeshasikia pingamizi. La kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Msemo huo unafariji msibani, lakini karakanani umekuwa njia ya kufunga mjadala. Diski ya inchi saba kwenye grenda ndogo isiyo na kava ni ajali iliyopangwa. Kilichobaki ni siku. La pili ni kwamba sheria zipo. Ni kweli. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri afunge kinga kwenye mashine na kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na ina OSHA, wakala wa serikali, ya kuisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Lakini mfuko huo unaendeshwa kwa michango ya waajiri. Deiwaka anayeitwa asubuhi na kulipwa jioni, na bosi ambaye biashara yake haijaandikishwa popote, wapo nje ya hesabu hiyo. Mkaguzi anaanza na kiwanda chenye bango, huku karakana ya chini ya mwembe ikisubiri.

La tatu ndilo zito: bei. Mwenye karakana akiweka makava, miwani, plagi na diski za kipimo sahihi, atapandisha bei ya geti, na mteja atahamia kwa jirani asiye na kava. Hapo ndipo ninapomrudia mteja. Serikali haiwezi kusimama kwenye kila karakana, lakini mteja husimama pale kila siku, tena ameshika hela.

Yapo pia mambo ambayo taasisi zinaweza kuyafanya bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na vikundi vingi vya kuchomelea vinaomba fedha hizo kununulia mashine. Sharti moja liongezwe: orodha ya vifaa iwe na miwani, ngao ya uso, viziba masikio na grenda mbili za vipimo tofauti, ili asiwepo wa kulazimika kutoa kava. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo tayari inawatahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, itahini na hili: soma diski, taja kikomo chake, funga kava. Wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati wanaoagiza madawati na vitanda waandike kwenye makubaliano kwamba kazi itafanywa kwa mashine zenye kava. Fedha ya umma isinunue dawati lililomgharimu mtu kidole.

Nasi tunaojenga tunaweza kuanza wiki hii. Ukienda kuagiza geti, kabla ya kupatana bei, omba kuiona grenda. Tazama kama ina kava na mpini, tazama plagi, muulize fundi mkuu vijana wake wanavaa nini machoni. Muulize kwa upole, kama mtu anayejali kazi yake. Mpe siku ya ziada ili asifanye kazi kwa papara usiku chini ya taa moja. Akikwambia kwa masharti hayo bei itapanda kidogo, ilipe. Hiyo ndiyo bei ya geti. Ile ya mwanzo ilikuwa na deni ndani yake, na mwenye kulilipa ni kijana ambaye jina lake hukuuliza.